Udada Si Sare za Kitenge

Dada zangu wa Kimamba, leo tuambiane ukweli. Kuchangia sare za harusi tunaweza, kufagia zahanati tunaweza. Lakini binti akisumbuliwa njiani, kila mtu anajidai kiziwi! Ndiyo udada huo?

Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Mabweni yalikuwa yamejaa watu. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walipaza sauti, ila Levina alishazikwa.

Basi kabla ya kuchagua kitenge kingine, tupange: nani atamsindikiza mwenzake gizani, nani atafuatana naye polisi? Udada unaongoja msiba ni chama cha kuzikana tu.