Chipu ya kupima sumukuvu ifae sokoni

Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Yaliporuhusiwa tena, ilitakiwa hati ya kuonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mwenye lori akikwama mpakani kwa kukosa hati, ameshalipa dalali, makuli na dereva. Alihitaji kipimo mapema, ghalani.

Ndiyo maana tunafuatilia kazi ya wanasayansi wanaobuni chipu ndogo za plastiki au kioo, zenye vijifereji vyembamba kama unywele ambamo hupita tone la sampuli. Ndani huwekwa elektrodi za kaboni au dhahabu. Wenye kisukari wanaijua kanuni hii: kijiti cha kupimia sukari kina elektrodi, hutumika mara moja kikatupwa. Kwa sumukuvu, elektrodi hupakwa kingamwili zinazoinasa sumu, na umeme unaopita hubadilika kulingana na kiasi chake.

Chipu nyingine huongezewa kipasha joto. Hizo ni za kutafuta vinasaba vya vimelea, mathalani virusi vya batobato ya muhogo, kazi inayotaka nyuzijoto 65 hivi kwa njia rahisi zaidi.

Hapa tunatofautiana na baadhi ya wabunifu. Kipasha joto cha platini kikijengwa ndani ya chipu hupasha upesi na hakili umeme mwingi, lakini hutupwa pamoja nayo. Tena lazima kitengwe kwa tabaka lisilopitisha umeme, kisije kikavuruga elektrodi. Kwa maoni yetu, elektrodi za kaboni zikae kwenye chipu, kipasha joto kibaki kwenye mashine ya kusomea, ambayo chama cha ushirika kitainunua mara moja.

Mnunuzi naye awe macho. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi ya gunia zima. Sampuli ikiwa konzi moja ya juu juu, chipu itasema habari za konzi hiyo tu. Bambo lichomwe kwenye magunia mengi, mahindi yachanganywe na kusagwa, ndipo sumu itolewe kwa kimiminika chenye alkoholi. Anayekuja kuuza chipu aulizwe bei ya kazi hiyo yote, pamoja na kinu.