Wali bokoboko wa Kitaliano, kwa mwenye moyo mzito

Wiki hii viatu na mitindo ya nywele tunaviweka kando, tunaingia jikoni. Nasikia wavulana wanaguna huko, "Kupika tena?" Ndiyo, kupika tena, na safari hii nawalenga nyinyi hasa mnaokaa geto, mnaodhani chakula cha jioni ni chipsi mayai au njaa, basi.

Chipsi mayai sina ugomvi nazo. Lakini kuna siku hazifai. Mwenzio karudi kutoka msibani, au kapunguzwa kazini, au kapigwa kibuti na mtu aliyekuwa anamhesabu kuwa ndiye. Kajilaza kitandani anaangalia dari. Wewe kwa moyo wa huruma unakimbia kibandani unamletea chipsi, anachokonoachokonoa na kijiti, anaacha. Si kwamba anaringa. Koo limekauka, chakula hakipandi. Mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kutafuna, anataka kitu laini, cha moto, chenye mchuzi humo humo ndani, kinachoteremka chenyewe.

Watu wa kaskazini ya Italia wana chakula cha siku kama hiyo. Kinaitwa risoto, na leo tunapika ya samaki.

Msitishwe na jina. Ni wali. Tena, tuseme ukweli, kwa macho ya bibi yako ni wali ulioharibika! Kwetu wali ni lazima uchambuke, punje na punje. Binti akiolewa halafu siku ya kwanza wali ukatoka bokoboko, mawifi wamepata maneno ya mwaka mzima. Yule Mtaliano yeye anautaka uwe hivyo hivyo, umelowa, unateleza, ukiinamisha sahani unatembea taratibu. Wenyewe wana msemo wa kuupima, all'onda, yaani kama wimbi. Nilipomweleza mama mmoja wa Pwani ninayepanga naye nyumba moja, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Mwanangu, yote hayo unayozunguka, si mashendea tu hayo?" Hakukosea sana. Tofauti ipo kwenye namna ya kuyafikia hayo mashendea.

Angalieni sisi tunavyopika. Maji yakichemka unatia mchele, unafunika, yakikauka unapalia makaa juu ya mfuniko, halafu unaondoka zako kwenda kusuka nywele. Wali hauchokozwi. Risoto ni kinyume chake. Haifunikwi, haipaliwi, haina ukoko, na unaichokoza mwanzo hadi mwisho. Supu ya moto unaimimina kidogo kidogo, unakoroga, mchele unainywa, unamimina tena. Ule mkorogo ndio unaosuguanisha punje hadi wanga wa nje utoke na kuifanya supu iwe nzito kama krimu, wakati hakuna krimu hata tone. Ukikuta mtu anapika risoto halafu anamwagia krimu ya kopo, jua kakosa subira, anatafuta njia ya mkato.

Mtadhani ni chakula cha wakubwa, kwa sababu kwenye hoteli kubwa kinaletwa kwenye sahani pana, wali wenyewe mikunjo miwili ya mkono, na bei ya kukufanya usome menyu mara mbili. Wapi! Mpunga umelimwa kwenye bonde la mto Po tangu miaka ya 1400, na ile ya samaki ina asili ya watu wasio na kitu. Kwenye kisiwa cha Burano, jirani na Venice, wanapika risoto ya samaki mdogo anayeitwa gò. Huyo anaishi topeni, ni ndugu wa mbali wa wale wanaorukaruka kwenye mikoko yetu, na ana miba hadi kero. Kumla mzima mzima ni tabu. Basi wavuvi walifanya nini? Wakamchemsha, wakamkamua, wakachuja, miba ikatupwa, utamu wake wote ukaingia kwenye wali. Hiyo ndiyo siri ya chakula chote, ladha iko kwenye supu. Ukiwa na supu ya kichwa cha samaki iliyopikwa vizuri umeshamaliza robo tatu ya kazi, hata kama minofu ni haba.

Kwa hiyo tuanzie sokoni. Nenda asubuhi, Feri au popote unapopata samaki wa leo. Chukua changu mmoja wa kama kilo moja. Jicho liwe angavu, limejaa, si lililozama kama la mlevi wa juzi. Wale vijana wanaopaa samaki waambie wakutolee minofu pembeni, ila kichwa na mifupa wakufungie, usiwaachie! Tasi anafaa, pono anafaa. Nguru na kibua wana mafuta, supu yao inakuwa kali, hao wapeleke kwenye kikaango. Watu wa Mwanza na Kisumu, sato wenu ni safi kabisa kwa kazi hii.

Mchele. Wenyewe wanatumia mchele mfupi, mnene, wenye wanga mwingi. Unaojulikana zaidi ni Arborio, umepewa jina la mji mmoja wa huko huko. Supamaketi kubwa wanao, lakini bei yake sikushauri kama mshahara haujatoka. Chukua mchele wetu, robo kilo kwa watu watatu, halafu changanya na konzi moja ya chenga. Ndiyo, chenga, zile zile mnazozidharau. Punje iliyovunjika inaachia wanga haraka, na wanga ndio tunaoutafuta hapa. Mzaliwa wa Milano akionja atajua umemchezea, lakini Milano ni mbali. Uchambue mawe vizuri, ila usiuloweke wala usiufikiche kwenye maji. Kama una vumbi, suuza mara moja upesi. Ukiuosha mara tatu kama ulivyofundishwa nyumbani, umeumwaga utamu kwenye karo.

Supu sasa. Toa matamvua yote kwenye kichwa, na ile damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo ikwangue, maana hivyo viwili ndivyo vinavyoleta uchungu. Tia kichwa na mifupa kwenye maji ya baridi lita moja na nusu, nusu kitunguu, karoti moja kama ipo, punje chache za pilipili manga. Ikianza kuchemka punguza moto, iwe inatokota kwa adabu, na engua povu. Dakika 25 zinatosha. Supu ya ng'ombe inapenda kukaa motoni nusu siku, ya samaki ukiifanyia hivyo inageuka gundi chungu. Chuja. Chumvi kidogo sana, kwa sababu itakauka kwenye wali na chumvi yote itabaki humo.

Hapa kuna tatizo la watu wa jiko moja. Supu lazima ikae ya moto mpaka mwisho, ukimimina ya baridi mchele unashtuka, nje unalainika na ndani unabaki mgumu. Jiko ni moja, sufuria la wali lina zamu yake. Dawa ni chupa ya chai! Mimina supu yote kwenye chupa, funga, itakusubiri. Baadaye ioshe kwa maji ya moto na magadi, la sivyo kesho chai yako ya maziwa itatoa habari za Feri.

Haya, tuwashe. Sufuria pana, lenye kitako kizito. Mafuta kijiko kimoja na siagi kijiko kimoja, kitunguu kimoja umekikata kidogo kidogo sana, moto mdogo. Kilainike bila kubadilika rangi, tofauti na pilau ambako tunakiunguza makusudi. Kitunguu swaumu kimoja kilichopondwa. Sasa mimina mchele mkavu, geuza dakika mbili hadi kila punje ing'ae na uushike moto. Wataliano hapo wanatia mvinyo mweupe nusu glasi, wanauacha ukauke. Asiyetumia asihangaike, uchachu tutautoa kwenye limau mwishoni.

Mimina upawa mmoja wa supu. Koroga kwa mwiko. Ukiona mwiko unapita na kuacha njia kavu chini ya sufuria, mimina mwingine. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, dakika 17 au 18, wakati mwingine 20. Huendi dukani wala kupokea simu ya umbea.

Na hapa ndipo ninapokipendea chakula hiki kuliko vyote vya kumbembeleza mtu. Mwite yule mgonjwa wako wa moyo, mwambie aje akae hapo karibu na jiko, kwenye ndoo, kwenye kreti la soda, popote. Usimuulize kitu. Mpe chupa na upawa, awe anamimina yeye, wewe ukoroge. Macho yako yako kwenye sufuria, yake yako kwenye sufuria. Watu wengi hawawezi kusema jambo zito mkiangaliana usoni, kama polisi na mtuhumiwa. Mshikaji wangu mmoja alifiwa na mama yake, akarudi mjini kutoka kuzika, akakaa siku tatu anajibu "poa" kwa kila swali. Kwenye upawa wa nne au wa tano akasema, bila kuulizwa, "Bi mkubwa alikuwa hapendi mtu akoroge chungu chake." Akacheka. Kisha akalia, huku anamimina. Tuliongea mpaka wali ukapita muda wake kidogo, nao tukaula hivyo hivyo. Mwenye kukupa pole mlangoni ni mwema, simkatai, lakini yeye anakaa dakika mbili na kuondoka. Wali huu unakulazimisha ubaki.

Tuendelee, tusije tukaunguza. Minofu umeikata vipande vya ukubwa wa kiberiti, umeipaka chumvi na limau kidogo. Ikifika dakika ya 14 hivi, onja punje. Ikiwa laini nje na ina kiini kigumu kidogo ndani, samaki anaingia sasa, upawa mwingine wa supu juu yake, na kuanzia hapo koroga kwa upole, unageuza kutoka chini. Samaki anahitaji dakika nne tu. Akiingia mwanzoni atasagika apotelee humo, utabaki kumtafuta kwa tochi. Wataliano wanakomea pale punje ikiwa bado inashikika kwenye jino. Kama unayempikia hajala tangu jana, ongeza dakika mbili na upawa mmoja, uwe laini kabisa. Huyo hakuja kukupa mtihani.

Epua. Nje ya moto tia kijiko cha siagi ya baridi, pigapiga kwa mwiko kwa nguvu kidogo, utaona umebadilika sura, unang'aa. Kamulia limau, nyunyizia majani ya kotmiri na pilipili manga. Ukiona umesimama kama mlima, ongeza supu. Pakua kwenye sahani bapa, gonga kitako cha sahani na kiganja, utandae wenyewe.

Maswali ninayajua kabla hamjauliza. Jibini? Kwenye risoto nyingine ndiyo, kwenye ya samaki Wataliano wengi wanakuona umekufuru, na mimi nakubaliana nao, linamfunika samaki. Tui la nazi badala ya siagi? Sikukatazi, ni tamu sana, nimeshalila. Ila hicho kitakuwa chakula cha Tanga, kiheshimu kwa jina lake. Vile vitofali vya supu vya dukani? Kama umenunua samaki mwenye kichwa, vya nini?

Unaliwa pale pale, kwa kijiko. Ukikaa dakika kumi unaganda, na kuupasha moto ni kuutesa. Wa mboga ukibaki, kesho unaufinyanga vidonge, unavigaragaza kwenye chenga za mkate na kuvikaanga, Roma na Sicily wanauza vya namna hiyo barabarani. Lakini huu wa samaki, na huna friji, usiulaze. Mwite jirani amalizie. Na sufuria liloweke papo hapo, maana wanga ukikauka utalikwangua hadi mwenye nalo aje kulidai.