Ukimwi na Kalamu Zinazomtuhumu Mwanamke

Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waripotiwe mkoani Kagera mwaka 1983, mara nyingi magazeti yetu yamemchora mwanamke kuwa ndiye chanzo cha maradhi: leo changudoa, kesho mhudumu wa baa. Mwanamume aliyewaendea hatajwi.

Mama mjamzito hupimwa kliniki, hivyo aghalabu hujulikana kabla ya mumewe. Naye aliyetangulia kujulikana huhesabiwa ndiye aliyetangulia kukosa. Hiyo si habari, bali ni tuhuma. Surat an-Nuur, aya ya 4, imeweka viboko 80 kwa anayewasingizia wanawake wenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne.

Ndugu Waislamu, tusiyarudie maneno hayo barazani. Tuwaulize waume: nanyi mmepima?

Wabillahi Tawfiq.