Tuhesabu Kabla ya Kufunga



Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mjenzi anayeanza mnara bila kuketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Ndivyo mfumo wetu wa haki unavyoendeshwa. Polisi hupanga msako, mahakama hupanga tarehe, magereza hupokea yeyote anayeletwa. Kila idara hujali mlango wake. Anayelipa gharama ni kijana wa Kitengela aliyekamatwa kwa kosa dogo, akakosa dhamana, akalala rumande Kajiado.

Hesabu hiyo yawezekana. Nchini Marekani, mapema katika miaka ya 1970, Alfred Blumstein na wenzake waliunda programu ya kompyuta iitwayo JUSSIM. Iliingiziwa idadi ya wanaokamatwa, wanaoshtakiwa na wanaofungwa, pamoja na gharama ya kila hatua. Kisha mpangaji aliuliza: polisi wakizidisha msako, nani atabeba mzigo? Masharti ya dhamana yakilegezwa, je? Jibu lilionekana kabla mtu hajatiwa pingu.

Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Je, mahakimu na maafisa wa uangalizi waliongezwa kwa kipimo hicho? Nani alipiga hesabu, na mbele ya nani? Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inataka mshtakiwa apewe dhamana kwa masharti ya haki. Kifungu cha 50 chataka kesi isicheleweshwe bila sababu. Ahadi isiyopangiwa hakimu wala fedha ni maneno matupu.

Wengine watasema mashine haiwezi kuhukumu. Kweli, wala hatuombi ihukumu watu. Tunaomba ipime mipango ya wakubwa. Lakini tujihadhari: kompyuta ikilishwa uongo, hutoa uongo. Aliyenunua uhuru wake kituoni haonekani katika daftari lolote. Kwa hiyo takwimu na makadirio yawekwe wazi, yasifungiwe makabatini.

Waumini, Kamati za Watumiaji wa Mahakama zina nafasi ya raia. Ingieni humo. Kabla ya msako au seli mpya, ulizeni hesabu iko wapi.

Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa, tulipata haki ya kuchagua vyama. Kudai hesabu za dola ni mapambano yale yale. Tusinyamaze.