Wingi wa Vyuo si Nguvu ya Ligi

Kila msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu unapomalizika nchini Marekani, swali lile lile huzuka kuhusu ligi ya Big East: je, iongeze wanachama, au ibaki na vyuo 11 ilivyo navyo tangu 2020? Wapo wanaodai kwamba ligi isiyokua hufa. Mimi nawakumbusha kwamba ligi hii iliwahi kukua, na kukua huko ndiko kulikokaribia kuiua. Nathubutu kusema, basi, kwamba isiongeze chuo hata kimoja kwa ajili ya wingi tu.

Huenda mwalimu akauliza jambo hili latuhusu nini. Latuhusu kwa sababu wachezaji wa ligi hizi ni wanafunzi, na baadhi yao hutoka katika bara letu. Marehemu Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mwanachama wa Big East, akiwa na nia ya kuwa daktari. Akacheza mpira wa kikapu chini ya kocha John Thompson, na mwaka 1991 akahitimu katika masomo ya lugha na diplomasia. Baadaye alijenga hospitali mjini Kinshasa na kuipa jina la mamake. Mtu wa aina hiyo hulelewa na uwanja na darasa kwa pamoja. Ligi inayotanuka bila kipimo hulinyima darasa haki yake.

Big East ilianzishwa mwaka 1979 kwa juhudi za Dave Gavitt, aliyekuwa kocha katika chuo cha Providence. Wanachama wa kwanza walikuwa saba: Providence, St. John's, Georgetown, Syracuse, Seton Hall, Connecticut na Boston College. Villanova ikajiunga mwaka 1980 na Pittsburgh mwaka 1982. Vyuo hivyo vilikuwa vya upande wa kaskazini mashariki mwa nchi, vikijuana na kushindana kila mwaka. Haikuchukua muda matunda yakaonekana. Mwaka 1985, kati ya timu nne zilizofika nusu fainali ya kitaifa, tatu zilitoka katika ligi hii changa: Georgetown, St. John's na Villanova. Villanova ndiyo iliyotwaa ubingwa kwa kuilaza Georgetown 66-64. Ligi hiyo ilikuwa na wanachama tisa tu.

Kisha tamaa ikaingia. Mwaka 1991 ligi ilianza kuendesha pia kandanda ya Kimarekani, mchezo wenye fedha nyingi kuliko kikapu. Tangu hapo wanachama wake wakagawanyika katika makundi mawili, wenye timu kubwa za kandanda na wasio nazo, na maslahi yao hayakulingana tena. Kufikia 2005 vyuo vilikuwa 16, kutoka Providence hadi Milwaukee na hata Tampa, Florida. Kwa nje jumba lilipendeza. Mwaka 2011 timu 11 za Big East ziliteuliwa kuingia katika mashindano ya kitaifa, na Connecticut, iliyokuwa ya tisa katika msimu wa ligi, ikaibuka bingwa wa Marekani nzima.

Watetezi wa upanuzi hupenda kuutaja mwaka huo. Husahau kuutaja mwezi Septemba wa mwaka huo huo, ambapo Syracuse na Pittsburgh zilitangaza kwamba zinahamia ligi ya ACC. West Virginia nayo ikaondoka mwaka 2012. Wahenga walinena kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wale waliokuja kwa ajili ya fedha za kandanda waliondoka kwa ajili ya fedha hizo hizo, na Syracuse, mwanachama mwanzilishi, ikavutwa na mkondo huo. Mwaka 2013 vyuo saba vya Kikatoliki vilijitenga, vikachukua jina la Big East pamoja na mashindano yake ya Madison Square Garden, vikawaalika Butler, Creighton na Xavier. Wakawa kumi. Mwaka 2020 Connecticut ikarudi nyumbani.

Je, ligi iliyopungua ilidhoofika? Hebu tuhesabu. Kati ya 2016 na 2024 mashindano ya kitaifa ya wanaume yalichezwa mara nane, kwani yale ya 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona. Villanova ilishinda 2016 na 2018, na Connecticut ikashinda 2023 na 2024. Nusu nzima ya mataji hayo ilikwenda kwa ligi yenye wanachama 10 au 11. Wanawake wa Connecticut nao wakalitwaa taji lao mwaka 2025. Anayesema kwamba udogo ni unyonge na atueleze mataji hayo yametoka wapi.

Siri yake naiona katika hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Timu 11 zikikutana zote mara mbili, nyumbani na ugenini, kila moja hucheza mechi 20. Bingwa wa ligi hana wa kumkwepa. Zikiwa 12, mechi huwa 22, na hapo ndipo mwisho wa kamba. Zikiwa 14, mechi huwa 26, na hazibaki za kutosha kucheza na timu za ligi nyingine. Ligi kubwa hulazimika kuuacha utaratibu huo, na timu hupangiwa wapinzani wepesi au wagumu kwa bahati ya ratiba. Mwalimu aliyewahi kufundisha darasa lililofurika anaelewa jambo hili: orodha ya majina hurefuka, lakini hakuna anayemjua mwenzake sawasawa.

Nakiri kwamba hoja za upande wa pili si za kupuuzwa. Mwaka 2024 ni timu tatu tu za Big East zilizoteuliwa kuingia katika mashindano ya kitaifa, ilhali St. John's, Seton Hall na Providence zikaachwa nje. Ligi hulipwa kwa mechi ambazo timu zake hucheza katika mashindano hayo, kwa hivyo hasara hiyo ni ya mfukoni pia. Lakini dawa yake ni kutafuta wapinzani wenye nguvu mwezi Novemba na Desemba, kabla ya mechi za ligi kuanza. Kuongeza wanachama dhaifu ni kuongeza midomo ya kula kutoka chungu kile kile. Wengine wanahofia kwamba Connecticut, yenye timu ya kandanda, itaondoka tena. Huenda ikaondoka. Hata hivyo, wanachama 16 hawakuweza kumzuia yeyote aliyetaka kwenda.

Tutazame pia yaliyowapata waliochagua ukubwa. ACC, ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki, mwaka 2024 iliwapokea Stanford na California, vyuo vilivyoko upande wa bahari ya Pasifiki. Kutoka huko hadi Boston ni zaidi ya kilomita 4,000, na saa hutofautiana kwa tatu. Mwanafunzi anayesafiri hivyo katikati ya muhula atasoma saa ngapi? Ni kweli kwamba Big East yenyewe ina Creighton huko Omaha, mbali na New York. Hiyo ni sababu ya kusema kwamba mkono wake umekwisha kunyooka vya kutosha.

Rai yangu ni hii. Mlango usifungwe kwa kufuli, ila anayebisha hodi apimwe kwa mambo matatu: kwamba kikapu ndicho mchezo wake wa kwanza, kwamba wanafunzi wake hawatahamishia masomo yao katika viwanja vya ndege, na kwamba akiingia, kila timu itaendelea kukutana na kila timu mara mbili. Asiyetimiza yote matatu aambiwe kwa heshima atafute kwingine.

Nao vijana wetu wanaoota kupata ufadhili wa kucheza na kusoma Marekani wasiishie kuuliza chuo kina jina gani. Waulize kimo katika ligi gani, na ni siku ngapi za muhula mchezaji wake hukosa darasani. Walimu wao wawasaidie kuuliza kabla fomu hazijatiwa sahihi.