Tukihamia Dodoma, Kwa Nini Vitabu Ndivyo Vinavyobaki?

Kila nyumba inayohama ina orodha, hata kama haijaandikwa popote. Juu kabisa kuna godoro, friji, televisheni na mtungi wa gesi. Katikati kuna masufuria, ndoo, mapazia na viatu vya watoto. Chini kabisa, pamoja na feni bovu na zulia lililotoboka, kuna vitabu. Na lori likijaa, si unajua kinachoshushwa kwanza.

Nimeiona orodha hii kwa miaka kadhaa sasa. Kazi ya uandishi wa habari imenipitisha kwenye nyumba zilizokuwa zinafungashwa Dar es Salaam na nyingine zilizokuwa zinafungua mizigo Dodoma: Area C, Kisasa, Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni. Nimeona kabati la vyombo lililozungushiwa mablanketi matatu likashuka kwenye Fuso bila mkwaruzo. Nimeona sahani za harusi, ambazo hazijaliwa chochote tangu siku ya harusi, zimeviringishwa moja moja kwenye kurasa za riwaya. Ndiyo, riwaya. Ilichanwa ili sahani zisivunjike. Na nimeona mara nyingi zaidi ya nilivyotaka boksi zima la vitabu likiuzwa kwa kilo kwa mtu anayekwenda kuwauzia wauza karanga.

Nasema wazi: tabia hii ni mbaya, inatugharimu kuliko tunavyodhani, na visingizio vyake vingi havisimami.

Tuanze na kisingizio kikubwa, kwamba kuhama ni jambo la ghafla na mtu hapati muda wa kuchagua. Kwa mtumishi aliyepewa barua Ijumaa akaambiwa aripoti kituo kipya Jumatatu, hilo naweza kulielewa. Lakini uhamaji huu wa Dodoma haukuwa wa ghafla hata kidogo. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo kila mwenye kiwanja Dodoma ana hadithi nayo, iliundwa mwaka huo huo. Mpango ulikuwa kazi imalizike kwa miaka kumi. Badala yake ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, fedha zikakosekana, na wakubwa wakazoea upepo wa bahari. Ilibidi Rais Magufuli atangaze upya Julai 2016 ndipo watu wakaanza kutafuta maboksi. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, Mji wa Serikali pale Mtumba ukazinduliwa Aprili 2019, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Kuanzia azimio hadi Ikulu ni miaka hamsini. Nchi nzima ilikuwa na nusu karne ya kufungasha.

Sasa weka kando ya hilo uhamaji mwingine wa mwaka huo huo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho uliowekwa ulikuwa 1976. Miaka mitatu, kwa mamilioni ya watu. Hapa Dodoma walikuwa wameanza mapema zaidi, kwa Operesheni Dodoma ya 1971. Watu walipakiwa kwenye malori na kushushwa mahali palipopimwa kwa mistari, na kuna sehemu nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi. Mkulima wa Kigogo aliyeishi kwenye tembe la babu yake alipewa muda mfupi kuliko mwenye ofisi Posta aliyetakiwa kuhamisha meza na kabati la mafaili.

Silitaji hilo ili kufungua upya kesi ya Ujamaa. Nalitaja kwa sababu ya karatasi. Tunayoyajua kuhusu operesheni zile, tunayajua kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye ripoti za waliohamisha. Sauti ya waliohamishwa imebaki kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka. Fasihi ilijaribu kuziba pengo: Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka mwaka 1979, wakati vumbi la vijiji halijatulia, akathubutu kuuliza maswali ambayo magazeti ya wakati ule hayakuyauliza. Lakini riwaya moja haiwezi kubeba kumbukumbu ya mamilioni. Ilihitaji barua, shajara, madaftari ya mikutano ya kijiji, picha zilizoandikwa tarehe kwa nyuma. Waliohamishwa na lori la serikali hawakuwa na nafasi ya kuhifadhi vitu hivyo.

Sisi tulikuwa nayo. Ndiyo maana nina hasira kidogo.

Maana tunaposema vitabu, kwenye yale maboksi ya chini hakuna vitabu tu. Kuna daftari la mzee alilokuwa anaandikia madeni ya duka. Kuna barua za kaka aliyekuwa jeshini. Kuna katiba ya kikundi cha kufa na kuzikana, kadi ya TANU ya bibi, vyeti vya shule vya shangazi ambaye hakumaliza, na albamu ambayo nailoni yake imeshikana na picha. Hivi ndivyo mwandishi wa kesho atakavyovihitaji akitaka kujua watu wa Magomeni na Temeke waliishije kabla hawajaambiwa mustakabali wao uko Ihumwa. Tunavifunga kwenye kiroba kimoja na nguo za kutupa, kisha baada ya miaka ishirini tunalalamika kwamba waandishi wetu hawaandiki historia yetu. Waandike kwa kutumia nini?

Nawasikia wenye kisingizio cha pili: gharama. Hiki nakiheshimu zaidi. Posho ya uhamisho haifiki kwa wakati kwa kila mtu. Walimu wanaoidai serikali fedha za uhamisho si habari mpya. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na lori linataka mafuta. Ukifika, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali anataka chake, na vyumba ni viwili kwa familia iliyozoea vitatu. Mama anayepanga haya yote, na mara nyingi ni mama, hana dhambi akisema kitanda cha mtoto kwanza.

Sibishani naye. Ila naomba tupige hesabu kwa ukweli. Vitabu vya nyumba ya kawaida ya Mtanzania, hata ya msomi, vinajaa maboksi mawili au matatu. Seti ya makochi, yale makubwa yenye mikono mipana ambayo yakifika Dodoma hayapiti mlangoni, yanachukua robo ya Fuso. Nimeona familia ikilipia makochi hayo safari nzima, kisha ikayauza kwa bei ya hasara ndani ya mwezi. Vitabu viliachwa kwa sababu ya nafasi! Kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Tuliigawa kulingana na tunavyotaka kuonekana na mgeni atakayeingia sebuleni.

Kisingizio cha tatu ni cha kisasa, na kimeingia kupitia simu. Eti punguza vitu, ishi mwepesi. Mwaka 2019 Marie Kondo, yule mama wa Kijapani wa kupanga nyumba, alipata umaarufu mkubwa kwa kipindi chake cha Netflix, na wapenda vitabu duniani wakamjia juu kwa sababu alisema yeye mwenyewe hubaki na vitabu kama thelathini. Mimi simlaumu. Tokyo ina maduka ya vitabu na maktaba. Ukitoa kitabu leo, ukikihitaji kesho utakipata. Ushauri ule una mantiki pale vitabu vilipojaa. Kuuleta kwetu bila kuutafakari ni sawa na kumshauri mtu wa Bahi wakati wa kiangazi apunguze kuhifadhi maji.

Chukua mfano wa hapa hapa. Mathias Mnyampala, Mgogo, mzaliwa wa Dodoma, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili wa karne iliyopita, aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kikatoka mwaka 1954. Ni kitabu cha mwenyeji kuhusu watu wake, kwa Kiswahili, kuhusu ardhi hii hii ambayo leo wizara zote zimehamia. Mwaka 1995 kilitoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya mwanahistoria Gregory Maddox. Mimi toleo la Kiswahili sijawahi kulikuta kwenye duka lolote la vitabu hapa mjini. Nililolisoma lilikuwa la mzee mmoja wa Kikuyu, limeliwa na mchwa pembeni, limeshonwa kwa uzi wa kiatu. Mzee huyo alihama mara nne maishani mwake. Mara zote nne alilibeba.

Sasa fikiria kwamba alifuata ushauri wa kuishi mwepesi.

Vitabu vyetu vingi viko katika hali hiyo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Vitabu vingi vya miaka ile na vya miaka iliyofuata vilichapwa mara moja, havikurudi tena kiwandani. Nakala zilizobaki ziko kwenye masanduku ya watu, chini ya vitanda. Maktaba yetu ya taifa, bila kutangazwa na mtu yeyote, ni jumla ya maboksi hayo ya kwenye nyumba za watu. Kila familia inapohama na kuuza boksi lake kwa kilo, tawi moja la maktaba hiyo limefungwa na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa taarifa.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kitu ni kitu tu. Kwao nawataja watu wa Abdulrazak Gurnah. Katika By the Sea (2001), mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi akiwa na mizigo kidogo sana, na ndani yake kuna kijisanduku cha udi. Ofisa wa uwanja wa ndege anakichukua. Gurnah hakuhitaji kumfanya mzee yule alie ili msomaji aelewe kilichopotea pale. Kabla ya kukihesabu kitu kuwa ni uzito tu, ni vizuri kwanza kujua mwenyewe alikibeba kwa nini. Na anayepaswa kuulizwa mara nyingi ni yule asiyeulizwa: bibi aliyekaa pembeni kwenye kigoda wakati vijana wanapakia, anayeangalia kiroba chake kikitupwa upande wa takataka, na asiyetaka kuonekana msumbufu.

Mnisamehe kama nimekuwa mkali. Hoja yangu si kwamba tubebe kila karatasi. Vitabu vya kujibia mitihani ya mtaala uliofutwa, acha. Magazeti ya udaku, acha. Ninachopinga ni kuamua kwa kilo, jioni ya mwisho, watu wamechoka, lori linapiga honi.

Anza na vitabu, wiki mbili kabla, kabla hujagusa jikoni. Tumia maboksi madogo, yale ya sabuni au ya tambi, maana boksi kubwa la vitabu linapasuka mgongo na wapakiaji watalichukia. Weka majani ya mwarobaini makavu, kama wazee walivyofanya, na ukifika Dodoma usiliweke chini sakafuni. Mchwa wa huku hawana utani. Barua na picha ziwe na boksi lao, na boksi hilo lipande na wewe kwenye basi au kwenye treni ya SGR. Mwulize mzee wa nyumba nini kisiachwe, na uandike nyuma ya kila picha ni nani huyo na ni wapi, wakati bado yupo wa kukuambia. Usichoweza kubeba, kipeleke shule ya jirani, kanisani, msikitini, au maktaba ya mkoa. Muuza karanga atapata karatasi nyingine.

Na kwa waandishi wenzangu wa Dodoma, wa UDOM na wa mitaani, nina neno moja la ziada. Uhamaji huu ni jambo kubwa: maelfu ya familia, ndoa zilizogawanyika kati ya miji miwili, watoto waliobadili shule katikati ya muhula, wenyeji wa Ihumwa na Mtumba walioona mashamba ya uwele yakigeuka viwanja. Mimi bado naisubiri riwaya yake. Wenye Operesheni Vijiji walimpata Kezilahabi ndani ya miaka michache. Sisi tumepita miaka kumi tangu tangazo la 2016, na tulichonacho kwa wingi ni hotuba za uzinduzi.

Kama riwaya hiyo itaandikwa, itaandikwa kutokana na yale maboksi madogo. Kwa hiyo wewe unayehama mwezi ujao, kabla hujamwita dereva wa kirikuu, nenda kwanza chini ya kitanda ukaangalie kuna nini.