Mtuhumiwa si mhalifu: funzo la Seven Corners na la Sinza

Mtu akikamatwa na polisi asubuhi, kabla ya adhuhuri picha yake imeshazunguka kutoka Virginia hadi Dar es Salaam. Kabila lake limeshatajwa, dini yake imeshatajwa, na hukumu imeshatolewa. Aliyebaki ni hakimu tu, ambaye hata jalada bado hajalifungua.

Sisi tunaoishi hapa Annandale tunayo sababu ya kulihofia jambo hili. Mwezi Oktoba 2002 eneo zima la Washington lilikumbwa na wadunguaji walioua watu 10 na kujeruhi 3. Usiku wa tarehe 14 mwanamke mmoja mfanyakazi wa FBI aliuawa kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi pale Seven Corners, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa kwetu. Shahidi mmoja akadai kaiona silaha na gari la muuaji. Maelezo yake yakaenea kila mahali, na baada ya siku chache polisi wenyewe wakasema ni ya uongo, naye akafunguliwa mashtaka.

Kwa wiki tatu televisheni zilihubiri habari ya gari jeupe la mizigo. Wachambuzi nao wakasema muuaji bila shaka ni mzungu anayefanya kazi peke yake. Tarehe 21 Oktoba, karibu na Richmond, wahamiaji wawili waliokuwa na gari jeupe walikamatwa mbele ya kamera. Ilipobainika kuwa hawahusiki hawakurudi nyumbani, bali walikabidhiwa idara ya uhamiaji, kwa kuwa hawakuwa na vibali. Kila mwenzetu ambaye makaratasi yake hayajakamilika anajua maana ya habari hiyo.

Waliokamatwa kweli tarehe 24 Oktoba walikuwa weusi wawili, John Allen Muhammad na kijana wa miaka 17, Lee Boyd Malvo, wakiwa ndani ya Chevrolet ya buluu. Walipatikana baada ya aina ya gari lao na namba zake kutangazwa, na raia waliosikia tangazo wakaliona limeegeshwa kando ya barabara kuu huko Maryland. Kwa hiyo hatusemi kwamba habari za uhalifu zifichwe. Tangazo lenye ushahidi liliokoa maisha. Uvumi ulipoteza wiki tatu.

Kesi ya Malvo kuhusu mauaji ya Seven Corners haikusikilizwa hapa Fairfax. Ilihamishiwa Chesapeake, kusini mashariki mwa jimbo, kwa kuwa ilionekana vigumu kupata hapa wazee wa baraza ambao vichwa vyao havijajaa habari. Ikiwa mahakama yenyewe inakiri kwamba maneno yetu yanaweza kuharibu haki, sisi ni nani tuyachukulie kuwa ni porojo tu?

Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo, na pengine ni mbaya zaidi. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa Sinza, Dar es Salaam, wakauawa. Polisi wakatangaza kuwa ni majambazi waliokufa katika kurushiana risasi, na vyombo vya habari vikalisambaza tangazo hilo. Ndugu zao wakakataa. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, nayo ikabaini kuwa marehemu hawakuwa majambazi. Fikiria mama anayezika mwanawe huku majirani wakinong'ona kwamba amezikwa mwizi.

Lakini haki ina upande wa pili, ambao wengi wetu hatuupendi. Baada ya tume hiyo hasira ziligeukia kwa maafisa wa polisi walioshitakiwa, hasa Abdallah Zombe. Wangapi kati yetu tulimwita muuaji kabla ya hukumu? Mahakama Kuu ilimwachia huru mwaka 2009, na Mahakama ya Rufani haikubadili hilo mwaka 2016, ingawa ilimtia hatiani afisa mwingine, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Haikusema isipokuwa yule tunayemchukia.

Tunachoomba si kikubwa. Polisi waseme wanachokijua, wakiri wasichokijua. Mwandishi aandike "polisi wanadai", awatafute ndugu wa mtuhumiwa, na aifuate kesi mpaka mwisho. Mtu aliyetiwa ukurasa wa kwanza siku ya kukamatwa, akiachiwa huru asitupwe ukurasa wa kumi na mbili. Dini na kabila visitajwe isipokuwa vinahusika na kosa lenyewe.

Nasi wenye simu mkononi, kabla ya kusambaza picha ya mwenzetu aliyefungwa pingu, tujiulize: nani amesema, na kwa ushahidi gani? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jina la mtu likishabomolewa, hata huo ukuta hauna wa kuujenga.